Hukumu ya Henry Tilney

Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817 baada ya mwandishi kufariki, msichana Catherine anakisifu kitabu kwa neno "nice". Henry Tilney anamkejeli: eti zamani neno hilo lilihusu unadhifu na ustaarabu tu, na sasa limebebeshwa sifa za kila kitu.

Wapo wasomaji wanaomshangilia Henry. Mimi simo. Neno analolitetea lilikwisha kuhama zamani sana. Asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Lilipoingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa lilimaanisha mjinga. Baadaye likawa mtu wa kuchaguachagua, kisha jambo la kupambanuliwa kwa makini, ndipo likafikia uzuri. Henry ameshika kituo kimoja cha safari, akakiita chimbuko.

Nakubali kwamba neno linalosifu kila kitu halipimi chochote, na mhakiki asilitegemee. Lakini Catherine hakuwa akihakiki, alikuwa akifurahi. Nasi tunaposema "safi!" bao likiingia, hatuzungumzii sabuni. Anayetusahihisha hapo hailindi lugha, bali anatunyima furaha yetu na kutufundisha kunyamaza.

Austen alilijua hilo. Hakumwacha Henry aondoke na ushindi: dada yake mwenyewe anamrudi kwa neno lilo hilo, katika maana ya mtu anayechagua mno kupita busara.