Alfa ya 0.90 Haitoshi: Madodoso ya Ukamilifu Yalivyopimwa kwa Kituruki

Mtafiti akikuambia kwamba dodoso alilolitafsiri lina alfa (kipimo cha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja) ya 0.90, mwulize kwanza lina kauli ngapi. Jibu lake litakusaidia kuliko hiyo alfa yenyewe, na madodoso ya ukamilifu, yaani yanayopima hulka ya kupenda ukamilifu, yaliyopelekwa Uturuki yanaonyesha sababu.

Yanayotumika zaidi ni matatu. La Frost na wenzake, la 1990, lina kauli 35 katika mafungu sita: hofu ya kukosea, viwango ambavyo mtu anajiwekea, matarajio ya wazazi, lawama za wazazi, kutilia shaka kazi uliyoifanya, na mpangilio. La Hewitt na Flett, la 1991, lina kauli 45 na humtenga anayejibana mwenyewe, anayewabana wenzake, na anayeona kuwa jamii ndiyo inayombana. La Slaney na wenzake, la 2001, lina kauli 23, nyingi zikiuliza juu ya pengo kati ya kile mtu anachotaka na kile anachojiona amekifikia. Yote yana matoleo ya Kituruki. La Hewitt na Flett lilitumiwa na Oral mwaka 1999 katika tasnifu ya uzamili kwenye chuo kikuu cha ODTÜ, Ankara. Uchunguzi wa awali wa lile la 2001 ulichapishwa mwaka 2012 na Ulu, Tezer na Slaney mwenyewe.

Sehemu ya tafsiri ina njia iliyozoeleka tangu Brislin alipoieleza mwaka 1970: mmoja anatafsiri, mwingine ambaye hajaona matini ya awali anairudisha kwenye Kiingereza, kisha matini mbili zinalinganishwa. Njia hii hunasa makosa ya wazi, basi. Tafsiri ya neno kwa neno, hata ikiwa Mturuki hawezi kuzungumza hivyo nyumbani kwake, hurudi kwenye Kiingereza vizuri kuliko tafsiri safi.

Kwa hiyo watafiti wengi wa Uturuki huongeza jaribio jingine. Wanafunzi wa ualimu wa Kiingereza hujaza dodoso la Kiingereza, na wiki chache baadaye hujaza la Kituruki. Uhusiano wa majibu yao ukiwa mkubwa, matoleo hayo mawili huhesabiwa kuwa sawa. Hapa nina mashaka mawili. La kwanza ni kwamba wanafunzi hao wanaweza kuisoma kauli ya Kituruki huku Kiingereza chake kikiwa kichwani, jambo ambalo seremala wa Konya hawezi kulifanya. La pili ni la hesabu: kila mmoja akipanda alama moja katika toleo la Kituruki, uhusiano unabaki 1 kamili ilhali wastani umehama.

Kuna pia kauli za kukanusha, ambazo zimo katika dodoso la Hewitt na Flett na alama zake hugeuzwa wakati wa kuhesabu. Sisi katika Kiswahili ukanushi huuweka mwanzoni mwa kitenzi: “sitegemei” hujitangaza mapema. Katika Kituruki hujificha ndani ya kitenzi, na kitenzi chenyewe huja mwishoni mwa sentensi. *Beklerim* ni “natarajia”, *beklemem* ni “sitarajii”. Anayejaza kauli 45 kwa haraka anaweza kupita bila kuiona silabi hiyo ya ukanushi. Kauli za namna hii zina tabia ya kujikusanya fungu lao peke yao hata katika Kiingereza, kwa sababu ya umbo lake na si maana yake. Mtafiti akiliona fungu hilo asikimbilie kulitafutia jina la kisaikolojia.

Sasa turudi kwenye alfa, kipimo cha Cronbach cha mwaka 1951. Kinapima jinsi kauli zinavyokwenda pamoja, lakini idadi yake nayo inaingia katika hesabu. Chukua kauli zenye uhusiano hafifu, wastani wa 0.2 tu. Zikiwa 4, alfa ni 0.50. Zikiwa 29, alfa inaruka hadi 0.88, na hakuna kilichoboreshwa. Sikuchagua 29 ovyo: ndizo zinazoingia katika jumla ya dodoso la Frost, kwa kuwa yeye aliyaacha nje maswali ya mpangilio. Fungu la lawama za wazazi lina kauli 4. Anayelitupa kwa alfa ndogo na kuisifu jumla kwa alfa kubwa hajapima ila urefu.

Swali zito ni la muundo: je, kauli zinajipanga katika mafungu yaleyale? Hata kwa Kiingereza mafungu sita ya Frost yana utata. Mwaka 1998 Stöber alipendekeza manne, akiunganisha hofu ya kukosea na shaka, na matarajio ya wazazi na lawama zao. Kwa Uturuki muungano huo wa pili unahitaji uangalifu. Çiğdem Kağıtçıbaşı, mwanasaikolojia wa huko, alionyesha kwa miaka mingi kwamba familia ya Kituruki ya mjini hubaki na ukaribu mkubwa wa moyo, na kwamba udhibiti wa mzazi si lazima uwe dalili ya kumkataa mtoto. Mzazi anayetarajia mengi huenda asiwe yule anayelaumu.

Kisha kuna mtihani wa kuingia chuo kikuu, YKS, unaofanywa mara moja kwa mwaka na watahiniwa zaidi ya milioni 2. Sampuli nyingi za vipimo hivi ni wanafunzi wa vyuo, yaani waliovuka mtihani wa namna hiyo. Ikiwa karibu wote wametoka katika nyumba zilizotarajia makubwa, majibu yatarundikana kwenye alama za juu, 4 na 5, na kauli isiyowatenganisha watu haipimi kitu. Uhusiano utashuka, mtafiti ataifuta kauli na kuilaumu tafsiri, kumbe tatizo liko kwa waliohojiwa.

Hata vigezo vya nje havina usafi kamili. Dodoso jipya hulinganishwa na lile la Beck la sonona, nalo ni toleo la Kituruki lililoandaliwa na Hisli mwishoni mwa miaka ya 1980. Tafsiri inaipima tafsiri.

Hukumu yangu: matoleo haya yanafaa kulinganisha mwanafunzi wa Kituruki na mwenzake. Kusema kwamba Waturuki wanapenda ukamilifu kuliko Wamarekani ni jambo jingine, maana kunadai ithibitishwe kwanza kuwa watu wawili wenye hulka sawa, mmoja Ankara na mmoja Chicago, watachagua namba ileile kwa kauli ileile. Ripoti isiyo na jaribio hilo isiweke wastani wa nchi mbili katika jedwali moja.