Maua Kwenye Ukuta wa Gesti

Ukitoka Njombe ukashuka Makambako asubuhi, baridi inakuwa imekutangulia. Niliingia gesti moja kunywa chai. Pale mapokezi wametundika picha nne za maua yaliyobanwa yakakauka, kazi ya dada mmoja wa Njombe. Nikazitazama mpaka chai ikapoa.

Iliyonishika ni ua la pareto, basi. Limebanwa na shina lake juu ya karatasi nyeupe. Petali moja imejikunja, naye hakuinyoosha. Unaliona shamba na upepo wake. Ya pili ni twiga aliyeungwa kwa petali. Kapendeza, sikatai, lakini twiga Njombe kafuata nini? Kama ua linageuzwa rangi tu, si bora kununua rangi dukani!

Ila lawama yangu kubwa ni kwa aliyezitundika. Zote zinatazama dirisha, jua la mchana linazipiga. Mwanga unakula rangi ya ua: zambarau huwahi kufifia, njano huvumilia kidogo. Halafu vioo vimegusana na maua, hakuna nafasi hata kidogo. Unyevu umenaswa humo, na picha moja tayari ina madoa ya ukungu.

Emily Dickinson, yule mshairi wa Marekani aliyefariki 1886, alipokuwa msichana wa shule alibana mimea 424 kwenye kitabu, mingi akaiandikia jina kwa mkono wake. Kitabu kiko Chuo Kikuu cha Harvard hadi leo. Hakijatundikwa popote, hata watafiti huoneshwa nakala. Picha za gesti hazina jina la ua wala mahali lilipochumwa.

Nasema kwa uchungu, kwani na mimi nimo. Bibi alipofariki nilichuma ua uani kwake, nikalibandika kwa selotepu kwenye daftari la Jiografia. Selotepu imekuwa kahawia, ua limebaki vumbi. Sikuandika ni ua gani, na nyumba imeshauzwa.

Nikamwomba mhudumu: "Dada, hii ya pareto tuihamishie ukuta ule wa kivulini?"

Akacheka. "Kaka, kule nani ataiona?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikalipa chai.