Kufuli na Semafori: Uhakiki wa Istilahi Mbili

Katika rasimu ya istilahi za kompyuta iliyotufikia kwa uhakiki, dhana mbili za kiini cha mfumo endeshi zimepewa neno moja: kufuli. Ya kwanza ni semafori; ya pili ni ile wataalamu waiitayo muteksi. Fasili nayo ni moja, kwamba ni chombo kizuiacho kazi mbili zisitumie kitu kimoja kwa wakati mmoja. Neno ni zuri, tena limezoeleka. Hata hivyo twaona kwamba haliwezi kubeba mizigo yote miwili.

Semafori ilibuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye aliazima jina kutoka nguzo za ishara za reli. Ndani yake mna hesabu tu. Kinyozi mwenye viti vitatu hupokea wateja watatu. Wa nne hungoja mpaka mmoja ainuke. Fasili ya rasimu yamfundisha mwanafunzi kwamba kiti ni kimoja siku zote. Yawezekana kujibu kwamba hesabu ikiwa 1, semafori ni kufuli. La, kwani bado haina mwenyewe: kazi moja yaweza kungoja, na nyingine kabisa, ambayo haikutwaa chochote, ikaja kuiachilia. Ndiyo maana hutumika pia kuarifu kwamba jambo lililongojwa limekwisha.

Muteksi ina mwenyewe. Aliyefunga ndiye afunguaye, wala si mwingine. Katika kiini cha Linux tofauti hii ina uzito. Hadi mwanzoni mwa 2006 semafori ilitumika hata mahali palipotakiwa kuingia kazi moja tu. Ndipo toleo 2.6.16, la Machi mwaka huo, likaleta muteksi ya Ingo Molnar. Tangu hapo muteksi imependelewa mahali pa namna hiyo, kwa kuwa ni nyepesi, na kwa kuwa mwenyewe akijulikana, kosa la kufungua kufuli la mwingine laweza kunaswa wakati wa majaribio. Lakini muteksi hairuhusiwi pale kifaa kinapoikatiza kazi ghafla ili kihudumiwe. Semafori yaweza kuachiliwa hata hapo. Mwanafunzi aliyesoma "kufuli" mara mbili atachaguaje?

Desturi yetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili. Mwandishi wa rasimu ameifuata, nasi hatumlaumu kwa hilo. Ila neno la nyumbani lipotoshalo ni baya kuliko la kuazima lisiloeleza kitu. (Dijkstra mwenyewe hakuogopa ugeni: kwa kitendo cha kupunguza hesabu alibuni neno prolaag, lisilokuwamo katika Kiholanzi.)

Twapendekeza basi kufuli libaki kwa muteksi peke yake. Semafori iitwe semafori, na vitendo vyake visemwe kwa Kiswahili: kutwaa kibali na kutoa kibali, wala si kufunga na kufungua. Limesalia kufuli la tatu, lile ambalo mwenye kungoja halali bali huzungukazunguka mlangoni mpaka lifunguliwe. Rasimu imeliita nalo kufuli, bila sifa yoyote. Kwa hilo tungeonelea kufuli-zunguko.