Ndoo Inayojimwagilia: Kazi Iko kwenye Tundu la Ubavuni

Ndoo inayojimwagilia huundwa kwa ndoo mbili za plastiki za lita 20, moja ndani ya nyingine. Ya chini huweka maji, ya juu hubeba udongo na mmea, na katikati huning'inia kopo lililojazwa udongo ambalo kitako chake kimezama majini. Maji hupanda yenyewe kupitia kopo hilo kadiri mizizi inavyoyanyonya. Watengenezaji wengi hushughulika zaidi na wingi wa maji yatakayowekwa, ilhali kinachoamua kama mboga itastawi au itaoza ni tundu dogo linalotobolewa ubavuni mwa ndoo ya chini.

Maji hupanda udongoni kwa sababu hushikamana na kuta za vinjia vyembamba vilivyo kati ya chembe. Kinjia chenye upana wa milimita 1 huyainua sentimita 3 tu. Cha milimita 0.1 huyafikisha karibu sentimita 30. Ndiyo maana mchanga wa chembe kubwa haufai peke yake. Udongo wa mfinyanzi huyapandisha juu zaidi, lakini polepole, na ukishalowa hauachi nafasi ya hewa. Udongo wa bustani nao, ukitiwa ndooni, hushindiliwa na maji baada ya muda. Mchanganyiko mzuri ni mwepesi: sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi, sehemu moja ya mboji iliyoiva, na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikabaki nyeusi bila kuwa majivu. Vumbi la makumbi lazima lisuuzwe mara kadhaa kwa maji baridi kwa kuwa lina chumvi, hasa likitoka kwenye makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba.

Ndoo ziwe zilizowahi kubeba chakula, kama mafuta ya kula, wala zisipitishe mwanga, kwani mwanga ukifika majini huotesha mwani. Katikati ya kitako cha ndoo ya juu hukatwa tundu dogo kidogo kuliko mdomo wa kopo la mtindi lenye kimo cha sentimita 10, ili ukingo wa kopo unase na mwili wake uning'inie. Ubavu wa kopo hutobolewa matundu mengi kwa msumari uliopashwa moto. Kopo halistahimili uzito wa udongo uliolowa, kwa hiyo vipande vitatu vya bomba la plastiki, kila kimoja sentimita 10, husimamishwa ndani ya ndoo ya chini kama miguu. Matundu madogo hutawanywa kwenye kitako kilichobaki, na jingine hukatwa karibu na ukingo kwa ajili ya bomba la kujazia maji. Bomba hilo hufika hadi chini na kuchomoza juu ya udongo. Ncha yake ya chini hukatwa mshazari isije ikaziba kwa kugusa sakafu ya ndoo.

Tundu la ubavuni hutobolewa sentimita 8 kutoka chini. Kwa kuwa kitako cha ndoo ya juu kiko sentimita 10, hubaki sentimita 2 za hewa zisizoweza kujaa maji hata bomba limiminiwe kupita kiasi au mvua inyeshe usiku kucha. Mizizi huhitaji oksijeni, na hewa hiyo huifikia kwa matundu ya kitako. Tundu likizibwa, au likiwekwa juu kuliko kitako cha ndani, udongo wa chini hugeuka tope na mmea hunyauka huku umesimama majini. Ndoo yenye kitako cha kipenyo cha sentimita 26 hubakiwa na takriban lita 4 za maji. Kiasi hicho si kikubwa: mnyanya unaozaa kwenye jua kali huweza kunywa lita 2 kwa siku.

Tundu hilo na mdomo wa bomba hufunikwa kwa kipande cha chandarua. Dar es Salaam ilikumbwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji kama hivi.

Mwanzo, kopo hujazwa udongo uliokwisha kuloweshwa na kushindiliwa kwa vidole, kwani vumbi la makumbi likiwa kavu huyakataa maji na safari ya kupanda haianzi. Kisha ndoo hujazwa, mche hupandwa, na maji humwagwa juu hadi yatoke ubavuni. Miche humwagiliwa juu kwa siku chache, mpaka mizizi ishuke. Ndoo moja hutosha mnyanya mmoja, au mchicha wa kuchuma.

Kwa kuwa maji husafiri kwenda juu, chumvi na mabaki ya mbolea hukusanyika usoni mwa udongo. Mbolea hutiwa kwenye ukanda mwembamba mbali na shina, na uso hufunikwa kwa plastiki ili maji yasivukizwe. Utando mweupe ukionekana, maji mengi humwagwa juu mara moja ili chumvi ishuke na kutokea ubavuni. Kwa nyanya, chokaa kidogo huchanganywa na udongo tangu mwanzo, kwani upungufu wa kalsiamu huozesha kitako cha tunda. Msimu ukiisha, ndoo hutenganishwa, mizizi iliyopenya kwenye kopo huondolewa, na tundu la ubavuni huzibuliwa kabla ya kupanda tena.