Nukta Moja Ndani ya Swali

Anayejenga programu ya C kutoka kwenye msimbo wake mara nyingi huanza na amri ya ./configure, na papo hapo skrini hujaa maswali na majibu: checking for strlcpy... no. Wengi huyaacha yapite wakisubiri yaishe. Lakini nyuma ya mistari hiyo kuna programu ndogondogo zinazotungwa, zinazopitishwa kwenye kompaila na kufutwa kabla hujapepesa jicho, na utungaji wake una kanuni kali kama za mizani na vina.

Skripti hiyo ya configure huzalishwa na Autoconf, chombo kilichoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991 kwa ajili ya programu za GNU. Unix za wakati ule zilikuwa nyingi, kila moja na tabia zake, na orodha ya nani ana nini ilichakaa kila toleo jipya lilipotoka. Autoconf ikaacha kuuliza jina la mfumo, ikauliza uwezo wake.

Tuisome programu inayouliza kama fankisheni ya strlcpy ipo. Faili lake huitwa conftest.c, na kwa miaka mingi kiini chake kimekuwa mistari miwili: char strlcpy (); na, ndani ya main, return strlcpy ();. Anayeijua C atashtuka. Fankisheni halisi ya strlcpy hupokea hoja tatu na kurudisha ukubwa, wala si herufi. Tamko hili ni la uongo, na mtunzi analijua hilo. Hataki kujua strlcpy hutumiwaje. Anataka kujua kama kiunganishi kitalikuta jina hilo kwenye maktaba za mfumo, na kiunganishi cha C hakijali hoja wala aina, hutafuta jina tu. Hata char haikuokotwa ovyo. Ingekuwa int, ingeweza kulingana na fankisheni ambazo kompaila ya GCC inazijua yenyewe, kisha GCC ingedai hoja ambazo hazipo. Programu hii haiendeshwi kamwe. Kila kisichohusu swali kimeondolewa, na huo kwangu ndio ufundi wake.

Ufundi huo hufika kileleni pale unapojenga kwenye kompyuta yako programu itakayotumika kwenye ruta yenye prosesa ya aina nyingine. Huwezi kuendesha jaribio, maana prosesa yako haielewi maagizo yale. Utajuaje basi kama long ina baiti 4 au 8? Autoconf hutangaza safu ambayo idadi ya vipengele vyake hutegemea dai fulani: dai likiwa kweli, idadi ni 1, likiwa si kweli, idadi ni hasi 1, na C hairuhusu safu ya ukubwa hasi. Kompaila ikikataa, imeshajibu. Dai hubadilishwa na kurudiwa mpaka ukubwa ujulikane, bila kuendesha chochote.

Kasoro ya fani hii inatokana na nguvu hiyohiyo. Kukataliwa ndiko jibu, lakini kompaila hukataa kwa sababu nyingi. Kitu hakipo: no. Swali limeandikwa vibaya: no vilevile. Faili la config.log huhifadhi programu iliyoshindwa, kila mstari ukitanguliwa na alama ya |, lakini ni nani hulifungua iwapo ujenzi umemalizika salama?

Februari 2024 kasoro hiyo ilitumiwa makusudi. Kwenye XZ Utils, programu za kubana mafaili, aliyejiita Jia Tan alibadilisha jaribio lililouliza kama Landlock ipo; lilikuwa la CMake, chombo kingine cha ujenzi kinachouliza kwa njia hiyohiyo. Landlock ni kipengele cha kerneli ya Linux kinachoiwezesha programu kujinyima haki ya kugusa mafaili isiyoyahitaji. Badiliko lililetwa kama marekebisho ya jaribio. Chini ya mistari ya #include palikuwa na mstari wenye nukta moja, pekee. C haikubali nukta mahali hapo, kwa hiyo jibu likawa hapana kila mara, na kinga hiyo ikaachwa nje bila kelele. Machi 29 Andres Freund alitangaza mlango wa siri aliougundua katika XZ baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Siku iliyofuata Lasse Collin, mtunzaji wa XZ, aliiondoa nukta ile.

Kinachonikera ni kwamba Autoconf inajua kukiri isipojua. AC_RUN_IFELSE, jaribio linaloendesha programu, lina nafasi ya nne kwa hali ambayo kuendesha hakuwezekani. Majaribio ya kukompaili hayana nafasi ya namna hiyo. Pengo hilo huumiza hata pasipo hujuma: GCC 14, iliyotoka mwaka huohuo wa 2024, ilianza kukataa fankisheni zisizotangazwa, na majaribio ya zamani yaliyoita exit bila kuleta stdlib.h yakaanza kujibu hapana kuhusu vitu vilivyopo.

Dawa ninayoipendekeza ni jaribio la pili lenye mistari yote ya lile la kwanza isipokuwa ule unaouliza. Hilo likikataliwa, swali lenyewe ni bovu na ujenzi usimame. Nukta ile ingenaswa hapo. Mhujumu hodari angeweza kuuharibu mstari unaouliza, lakini hapo ndipo jicho la anayekagua badiliko hutua kwanza.