Kilele cha Nani? Tahakiki ya Simulizi ya Msafara wa Rwenzori wa 1906

Kutoka Kyebando, makala haya yanakoandikwa, Mlima Rwenzori hauonekani. Wengi wetu jijini Kampala tunaujua kwa kuusoma. Simulizi kuu ya upandaji wake ni kitabu Il Ruwenzori cha Filippo De Filippi (1908), kuhusu msafara wa Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Abruzzi. De Filippi mwenyewe hakuwamo msafarani. Aliandika kutokana na kumbukumbu za waliokwenda. Si aibu kwa mwandishi, ila inaonyesha kwamba mamlaka ya kuusimulia mlima hayakutokana na kuukanyaga. Kama yangetokana na hilo, Wakonzo wangekuwa wasimulizi wa kwanza.

Tarehe 18 Juni 1906 mwanamfalme alifika kileleni pamoja na Petigax, Ollier na Brocherel. Brocherel alikuwa mpagazi, na historia imemhifadhia jina. Wakonzo waliopandisha mizigo hadi kambi ya Bujongolo wanatajwa kwa wingi tu: wapagazi. Vilele navyo vikapewa malkia wa mbali, Margherita wa Italia (mita 5,109) na Alexandra wa Uingereza, ilhali Wakonzo walikwisha kuwa na Nzururu, yaani theluji, na mlima uliokuwa makao ya Kitasamba. Jina hilo halikuwa pambo: mwaka 1962 vuguvugu la Rwenzururu lililichukua kudai haki za wenyeji.

Hata hivyo, kubadili majina pekee hakutoshi. Kilimanjaro kilipata kilele cha Uhuru baada ya uhuru wa Tanganyika, na jina hilo la Kiswahili likakubalika. Lakini Batian na Nelion, vilele vya Mlima Kenya, ni majina ya viongozi wa Kimaasai yaliyotolewa na Mwingereza Mackinder mwaka 1899. Jina ni la kienyeji. Mtoaji si mwenyeji.

Suala hili ni la leo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na vitabu vya shule vitahitajika. Mfasiri mvivu ataandika kwamba msafara “uliuteka” mlima. Kwetu hutekwa mji, na watu wake huwa mateka, mlima hukwewa. Kabla ya kufasiri ukurasa huo, waandaaji wa vitabu waende Kasese wakawaulize wazee, kwa Kikonzo, ni nani waliobeba mizigo ile.