Uliliokota Wapi?

Nilipokuwa mtoto Njoro, Kenya, mvua ikishapiga shamba lililolimwa, tulikuwa tukiokota mawe meusi yanayong'aa kama vipande vya chupa. Ukiyashika vibaya, damu hutoka kabla hujahisi maumivu. Yangu niliyaweka kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo chini ya kitanda, na kwa miaka mingi niliamini nina hazina. Nilipokua, niliubeba mkebe huo hadi penye uchimbaji wa mambo ya kale, nikamfungulia mzee mmoja aliyekuwa kwenye chekecheke. Alichukua jiwe moja, akaligeuza juani, akanionyesha mahali lilipogongwa ili lipasuke vile. "Hii ni kazi ya mkono wa mtu," akasema. Kisha: "Uliliokota wapi, mwanangu?"

Shambani, nikajibu. Shamba lipi, upande gani, juu ya udongo au ndani? Sikujua. Alilirudisha jiwe mkebeni polepole, kama mtu anayerudisha barua isiyo na jina la mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimewaheshimu watu wa kazi hii kuliko ninavyoweza kueleza. Kuona kitu cha kale ni bahati ya yeyote mwenye macho. Kukiacha kilipo, ukapiga magoti, ukaandika kimelalaje na kimelala na nini, huo ni ufundi, na wenyewe huusomea maisha yao yote.

Sisi wa Njoro tuna sababu ya kuujua. Mwaka 1938 wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walichimba pango kando ya Mto Njoro, wakakuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa moto baada ya kufariki. Waliwekewa bakuli la jiwe, mchi na jiwe la kusagia, na kulikuwa na shanga nyingi za mawe ya rangi. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mazishi hayo yana umri wa takriban miaka 3,000. Walikuwa watu wa mifugo, wakitumia jiwe lilelile jeusi la mkebe wangu, obsidiani, ambayo wenzao wa zama hizo waliifuata hadi miteremko ya Mlima Eburru, ng'ambo ya Elementaita.

Lakini katika yote yaliyotoka pangoni, kinachonishika mimi ni kamba. Kamba ya nyuzi za mmea haidumu katika udongo wetu. Misimu michache tu, mchwa na unyevu wameimaliza. Hizi za pangoni zilidumu kwa sababu moto wa mazishi uliziunguza bila kuzimaliza, zikawa makaa, na makaa hayaozi. Ndivyo vilivyosalia pia vipande vya vibuyu, vya vikapu, na chombo cha mti kilichochongwa nakshi. Moto uliowachukua watu ndio uliotuwekea vitu vyao. Hapa kwetu, ambako akina mama wa Kikalenjin bado husugua kibuyu cha maziwa ya mursik kwa makaa ya mti, siwezi kusoma habari za kibuyu kile nikakiona kuwa kitu cha wageni.

Sasa uufikirie mkono uliokitoa. Kamba iliyogeuka makaa ukiigusa kwa pupa inakuwa masizi kidoleni. Mwiko wa mchimbaji haufukui, unakwangua, utando mmoja wa vumbi baada ya mwingine, halafu brashi, halafu kijiti. Ardhi imegawanywa miraba kwa uzi uliovutwa sawasawa, na kila ndoo inayokwenda kwenye chekecheke ina karatasi yake: mraba gani, tabaka gani, tarehe gani. Udongo ukishatoka haurudi ulivyokuwa. Pango la Mto Njoro haliwezi kuchimbwa mara ya pili mahali palepale. Vilivyobaki ni vitu, michoro na maandishi, na kitabu kilichotoka mwaka 1950. Anayeandika vibaya amelichoma pango upya.

Vitabu hubeba majina ya wenye vyeo, nami naona hapo pana deni. Heslon Mukiri alifanya kazi na Louis Leakey kwa miaka mingi. Kamoya Kimeu, mtoto wa Ukambani, ndiye aliyeona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mwaka 1984: kidogo kama kiberiti, cheusi kati ya changarawe nyeusi. Kutokana nacho ikapatikana mifupa karibu yote ya kijana wa miaka milioni moja na nusu iliyopita. Macho ya namna hiyo hayatolewi na shule peke yake.

Ufundi huohuo nimeukuta ziwani, kwa wanaohesabu ndege. Kila Januari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, maziwa ya Bonde la Ufa huhesabiwa, na Nakuru ni mojawapo. Alfajiri, darubini mkononi. Heroe, hawa tunaowaita flamingo, hawahesabiki mmoja mmoja wakiwa maelfu. Mhesabuji huhesabu kumi, akaliweka umbo la hao kumi machoni, akapima mia, kisha anaisogeza hiyo mia juu ya kundi kama fundi anavyosogeza rula. Ndege wakiruka, anaanza tena. Asipoona hata mmoja, anaandika sufuri, na sufuri hiyo ina uzito wake. Ziwa Nakuru lilipojaa mwongo uliopita hata likafunika lango la zamani la hifadhi, magadi yalizimuliwa, mwani ambao heroe hula ukapungua, nao wakahamia kwingine. Tunaweza kuyafuatilia haya kwa sababu kuna mtu aliyesimama kwenye tope akaandika hesabu ndogo mwaka ambao hakuna mtalii aliyekuja kupiga picha.

Kilima cha pimbi, Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937, kinalitazama ziwa hilo. Takriban miaka 9,000 iliyopita Nakuru na Elementaita zilikuwa ziwa moja, maji yakiwa juu kwa zaidi ya mita 150 kuliko tulivyoyazoea, na huenda kilima chenyewe kilizungukwa na maji. Mchimbaji anayesoma ufuko ule wa kale na mhesabuji aliye kando ya maji leo wanajaza daftari moja.

Mkebe wangu ningali nao. Juzi nilirudi shambani na mama, tukatembea hadi tulikokuwa tukipanda viazi, karibu na mto. Akanionyesha kwa kidole: hapa, na pale penye kisiki. Jioni nilikata karatasi, nikaandika: Njoro, shamba la nyumbani, upande wa mtoni, juu ya udongo, baada ya kulima. Nikaibandika mkebeni.